Moto Mdogo Jikoni: Gesi Imekwisha au Haifiki?

Jiko la biogesi likianza kufifia, wa kwanza kulaumiwa ni ng'ombe. Hajashiba, kinyesi kimepungua, mbegu yake si nzuri. Wa pili ni fundi aliyejenga mtambo, hasa kama amehamia Bukoba na simu yake haipatikani. Bomba lililofukiwa kati ya banda na nyumba halilaumiwi na mtu, kwa kuwa halionekani. Mwenye nyumba anaongeza ndoo mbili za samadi, anasubiri siku tatu, moto haubadiliki, na mkaa unarudi jikoni kimyakimya.

Kosa hapo si kuongeza samadi. Kosa ni kutibu kabla ya kupima. Moto mdogo una maana mbili zilizo mbali kabisa: ama gesi haipo ndani ya mtambo, ama ipo lakini haifiki jikoni. Dawa ya moja haiisaidii nyingine hata kidogo, na kuzitenganisha kunahitaji kipande cha chaki, mpira wa plastiki unaopitisha mwanga na usiku mmoja wa subira.

Suala hili lina uzito wake Nyakahanga na kwingineko Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa kuwa hapa biogesi si hadithi ya semina. Nyumba nyingi zimekaa katikati ya migomba, banda liko hatua chache kutoka jikoni, na tope linalotoka kwenye mtambo lina kazi shambani siku hiyohiyo. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, ndicho kilichosambaza nchini mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi, na kuanzia mwaka 2009 kikasimamia programu ya taifa ya biogesi ya majumbani, iliyojenga mitambo ya ukubwa wa mita za ujazo 4, 6, 9 na 13. Karagwe kwenyewe, shirika la MAVUNO pamoja na wahandisi wa shirika la Kijerumani la Ingenieure ohne Grenzen wamefanya kazi ya mtambo unaokula mabaki ya mgomba, wazo linaloeleweka haraka katika wilaya ambayo si kila kaya ina ng'ombe lakini karibu kila kaya ina migomba. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mtambo ulioachwa kwa sababu ya bomba lililoziba hauusaidii mkakati huo, wala mama anayepuliza kuni.

Mtambo wa kuba una tabia moja ambayo wengi hawakuambiwa siku ya kukabidhiwa: presha yake haitulii. Gesi ikijikusanya juu ya kuba, inalisukuma tope chini na kulipandisha kwenye chemba ya kutokea. Gesi ikitumika, tope linarudi ndani. Uzito wa tope lililopandishwa ndio unaoisukuma gesi kwenda jikoni. Kwa hiyo alfajiri, baada ya usiku mzima wa kujaza, presha inaweza kuwa sawa na safu ya maji yenye kimo cha sentimeta 80 au hata 100. Usiku baada ya maharage, imeshuka hadi chini ya 10. Moto wa saa mbili usiku kuwa mdogo kuliko wa saa kumi na mbili asubuhi si ugonjwa. Mitambo ya pipa linaloelea, iliyoletwa nchini miaka ya 1970 kwa mfano wa India, ilikuwa na presha isiyobadilika kwa sababu uzito wa pipa haubadiliki. Ile ya mifuko ya plastiki ina presha ndogo siku zote, na wenye nayo huweka kitu kizito juu ya mfuko wakati wa kupika.

Hapo ndipo chemba ya kutokea tope inapokuwa kipimo cha bure. Mwenye mtambo anayeona moto unafifia aende kwanza kwenye chemba, afunue mfuniko, atazame. Tope likiwa juu, karibu na mdomo wa kumwagikia, gesi imejaa kwenye kuba na tatizo liko kati ya kuba na jiko. Tope likiwa chini kabisa, kuba ni tupu, na hapo ndipo inafaa kuanza kuwauliza ng'ombe maswali. Safari nyingi za fundi zingeokolewa na mtazamo huo wa dakika moja.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kutengeneza kipimo cha presha kwa bei ya mpira. Mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye urefu wa mita 3, hukunjwa kwa umbo la herufi U na kufungwa kwenye ubao uliosimama. Maji yaliyotiwa rangi kidogo hujazwa hadi nusu ya kila upande. Ncha moja huunganishwa na bomba la gesi karibu na jiko, nyingine huachwa wazi. Koki ikifunguliwa polepole, maji hushuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Tofauti ya vimo hivyo viwili, kwa sentimeta, ndiyo presha. Kupima upande mmoja tu kunatoa nusu ya jibu, na wapo mafundi waliobobea wanaoponyokwa na jambo hilo.

Kipimo kisomwe mara mbili. Mara ya kwanza jiko likiwa limefungwa. Mara ya pili likiwa linawaka kwa nguvu zake zote. Majiko mengi ya biogesi huwaka vizuri presha ikiwa kati ya sentimeta 5 na 20 za maji. Tuseme kipimo kinaonyesha 60 jiko likiwa limefungwa, kisha kinaporomoka hadi 4 jiko linapowashwa: gesi ni nyingi, njia ni mbovu. Kikionyesha 6 jiko limefungwa na 5 likiwaka, njia ni safi na ghala ni tupu. Wanaosoma namba ya kwanza peke yake hudanganyika, kwa sababu bomba lililoziba nusu huonyesha presha nzuri kabisa mradi gesi imesimama.

Kanuni hiyo haina mipaka. Nchini Uingereza, ambako Watanzania na Wakenya wengi wanaishi katika nyumba zinazopashwa joto kwa boila la gesi asilia, fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register hufanya vipimo hivyohivyo viwili: cha gesi iliyosimama na cha gesi inayotembea. Kwenye mita hutarajia karibu milibari 21, na kati ya mita na boila haruhusu ipotee zaidi ya milibari 1, ambayo ni sawa na sentimeta moja hivi ya maji. Boila jipya linalozimika kila mara mtu anapofungua maji ya moto mara nyingi limeunganishwa kwa bomba jembamba lililoachwa na boila la zamani. Mpangaji wa huko haruhusiwi kufungua chochote mwenyewe, na ni vizuri iwe hivyo. Huku kwenye biogesi ya nyumbani, sehemu kubwa ya uchunguzi iko mikononi mwa mwenye nyumba.

Sasa bomba lenyewe. Mshukiwa mkuu ni maji. Gesi hutoka kwenye kuba ikiwa imebeba mvuke mwingi, na ikipita kwenye udongo wa Karagwe, uliopo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ambao hupoa vizuri usiku, mvuke hugeuka matone. Bomba likiwa limefukiwa kwa mteremko ulionyooka, matone hutiririka hadi kwenye mtego wa maji na kutolewa kwa kufungua koki ndogo. Likiwa na tumbo mahali fulani, pengine pale mtaro ulipochimbwa kwa haraka au gari la kubeba ndizi lilipopita juu yake, maji hukaa hapo. Dalili yake haifichiki: moto hucheza, unapanda na kushuka, na ukitega sikio kwenye bomba unasikia gesi ikigugumia. Dawa ni kufungua mtego wa maji angalau mara moja kwa wiki, na kama tumbo liko mahali pasipo mtego, kuchimba na kuliinua bomba. Hakuna kiasi cha samadi kinachoweza kulitoa dimbwi hilo.

Mshukiwa wa pili ni kutu. Biogesi ina kiasi kidogo cha gesi ya salfa, ile inayonuka yai viza, na gesi hiyo hula koki za shaba, mabomba ya chuma na vichwa vya majiko. Koki inayogeuka kwa shida baada ya miaka michache kwa kawaida imeshaota uchafu ndani. Tundu la kutolea gesi kwenye jiko nalo husinyaa, na sindano nyembamba pamoja na mswaki wa zamani vinatosha kulisafisha, mradi sindano isilitanue.

Kuna wanaoelezwa kwamba bomba la nusu inchi ni jembamba mno na lote lifumuliwe liwekwe la robo tatu. Kwa jiko moja ushauri huo ni wa kupoteza fedha. Bomba safi la nusu inchi lenye urefu wa mita 30 likilisha jiko moja, presha inayopotea njiani haifiki hata sentimeta moja ya maji. Ikiwa zinapotea sentimeta 20, bomba halina wembamba, lina uchafu au maji.

Jiko pia linaweza kuwa si lake. Jiko la gesi ya mtungi likiunganishwa moja kwa moja na biogesi litatoa mwali dhaifu hata kama kuba limejaa, kwa sababu gesi ya mtungi ina joto takriban mara nne kuliko biogesi ya ujazo uleule, na tundu lake limetobolewa dogo kwa ajili hiyo. Jiko la biogesi linahitaji tundu kubwa zaidi na hewa pungufu. Mwali wa bluu uliotulia juu ya kichwa cha jiko ndio unaotakiwa. Mwali mrefu wa njano unaopaka masizi sufuria unalalamikia upungufu wa hewa, na mwali unaoruka na kuachana na kichwa umezidiwa na hewa au presha.

Kama chemba ya tope iko chini kila asubuhi, kazi inahamia kwenye kuba. Hapo usiku mmoja unatoa jibu. Jioni, baada ya chakula, koki kuu iliyo juu ya kuba ifungwe na usawa wa tope uwekewe alama ya chaki ukutani mwa chemba. Asubuhi alama itazamwe tena. Tope likiwa limepanda vizuri wakati koki kuu imefungwa, ilhali usiku mwingine koki ikiwa wazi halipandi, gesi inavuja kwenye bomba kati ya koki kuu na jiko. Viungo vyote vipakwe povu zito la sabuni na mapovu yatasema. Kiberiti hakitafuti uvujaji, hata kwa mtu mwenye haraka.

Tope lisipopanda hata koki kuu ikiwa imefungwa, ama kuba linavuja ama uzalishaji umeshuka. Kagera ina sababu yake ya kuchunguza kuba. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, hasa Bukoba na Missenyi, na Karagwe nako ardhi ilitikisika. Ufa mwembamba kama uzi hauwezi kuangusha kuba, lakini unatosha kuipitisha gesi usiku kucha. Ishara yake ni tope linalopanda hadi kimo fulani na kugoma hapohapo kila siku, bila kujali samadi iliyotiwa. Mitambo yenye mfuniko shingoni hujaribiwa kwa kumwaga maji juu ya mfuniko: mapovu yakipanda, udongo wa kuzibia umekauka au umepasuka.

Uzalishaji nao una hesabu zake. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 35 hadi 40 za gesi. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani anaweza kutoa kilo 15 kwa siku, kwa hiyo wawili wanatoa kilo 30, na kilo 30 ni lita elfu moja na kidogo za gesi. Jiko moja hula karibu lita 350 hadi 400 kwa saa. Hizo ni saa tatu za moto, si zaidi, na sufuria ya maharage makavu inaweza kuzimaliza mbili peke yake. Familia inayoloweka maharage usiku kucha inajiongezea gesi bila kununua ng'ombe. Ng'ombe wa asili wenye pembe ndefu wanaochungwa mchana kutwa huacha sehemu kubwa ya samadi machungani. Kinachookotwa bandani ni cha usiku tu, na mtambo uliojengwa kwa hesabu ya idadi ya ng'ombe bila kuuliza wanalala wapi na wanashinda wapi utalia njaa tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna majira. Kuanzia Juni hadi Agosti mambo matatu hukutana Karagwe: nyasi zinakauka na samadi inapungua, maji ya kuchanganyia yanakuwa ya kubeba kutoka mbali, na usiku unakuwa wa baridi. Bakteria wanaotengeneza gesi hupenda joto la nyuzi 35 hivi. Likishuka chini ya 15 karibu wanalala. Udongo huzuia kuba lisipoe ghafla, lakini mtambo uliojengwa kwenye kivuli kizito cha migomba huchelewa kupata joto. Samadi ichanganywe ikiwa bado mbichi, mchana, kwa maji yaliyokaa juani, ndoo moja ya maji kwa ndoo moja ya samadi. Anayezidisha maji ili kurahisisha kukoroga analisukuma tope nje kabla halijamaliza kutoa gesi. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji wakati wa ukame.

Kinachosahaulika sana ni sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, sabuni ya kuoshea banda, na samadi ya ng'ombe aliyechomwa antibayotiki vinawaua bakteria walewale wanaopika chakula cha familia. Siku ya kuogesha, maji ya sakafuni yaelekezwe pembeni, na samadi ya mnyama aliye kwenye dawa ipelekwe kwenye mboji mpaka siku za dawa ziishe. Mtambo uliopata sumu unaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake.

Yote hayo ni kwa jiko. Wanaotaka maji ya kuoga yapashwe na hita ya gesi ukutani, jambo ambalo baridi ya alfajiri ya Nyakahanga inalifanya lieleweke, wafanye hesabu kabla ya kununua. Hita inayotoa lita 6 za maji kwa dakika na kuyapandisha kutoka nyuzi 20 hadi 40 inahitaji karibu lita 30 za biogesi kila dakika, kiasi kinachokaribia majiko matano yanayowaka pamoja. Mtu mmoja akioga dakika kumi amemaliza lita 300, zaidi ya robo ya gesi ya siku ya ng'ombe wawili. Na hapa ndipo bomba la nusu inchi linapoanza kuwa jembamba kweli: sentimeta kadhaa za presha hupotea njiani, hita huona presha imeshuka na kujizima, muogaji anabaki na sabuni mwilini. Bomba la robo tatu hupunguza upotevu huo hadi robo yake hivi. Hata hivyo kwa kaya nyingi za hapa sufuria bado inashinda: kupasha maji ya ndoo moja ya lita 20 hula kama lita 150 za gesi.

Hita ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa gesi ya mtungi nayo ina tatizo lake. Gesi imo ndani ya mtungi ikiwa kimiminika, na ili iwe mvuke lazima ivute joto kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Hita ndogo hula karibu kilo moja kwa saa. Asubuhi ya baridi, mtungi wa kilo 6 au wa kilo 15 uliokwisha nusu haupati joto la kutosha kwa kasi hiyo. Unatoka jasho, unakuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, presha inashuka na moto unazimika ilhali ukiutikisa unasikia gesi imo. Anayeurudisha dukani kwa madai kwamba ameuziwa mtungi pungufu aupime kwanza kwenye mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu uliochongwa juu yake. Tiba ni mtungi wa kilo 38 au kuunganisha mitungi miwili kupitia kiungo maalumu. Kuumwagia maji yanayochemka, kuusogeza karibu na moto au kuulaza chini ni mambo ya hatari, na yanatokea.

Regulata ya mtungi hutoa presha ya takriban sentimeta 30 za maji, kwa hiyo kipimo cha mpira kinafanya kazi baada ya regulata. Kisiunganishwe kamwe na mtungi moja kwa moja. Regulata ya miaka mingi yenye utando wa mpira uliokakamaa hutoa presha ndogo hata mtungi ukiwa mpya. Tarehe iliyochapwa mgongoni mwake isomwe, na mpira uliopasukapasuka ubadilishwe bila kusubiri. Gesi ya mtungi ikivuja hutambaa chini sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, wakati biogesi huelekea juu, kwa hiyo jikoni kunakotumika zote mbili kunahitaji tundu la hewa karibu na dari na jingine usawa wa sakafu.

Kazi moja asiifanye mwenye nyumba wala kijana wa jirani aliyeahidiwa ujira: kuingia ndani ya kuba. Mtambo uliojaa mchanga baada ya miaka mingi hupoteza nafasi ya tope na hulazimika kusafishwa, lakini hewa ya mle inaweza kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeingia kumwokoa huanguka juu yake. Kuba lifunguliwe na tope litolewe watu wakiwa nje, kisha kuba liachwe wazi kwa siku kadhaa likipitisha hewa, na aingie fundi aliyefungwa kamba kiunoni, huku watu wawili wakiishika kamba hiyo juu na kuzungumza naye muda wote.